Ziwa Moja, Hesabu Mbili: Elimu ya Vijana katika Pande za Mweru

Msafiri asimamaye ufukoni Nchelenge, katika Jimbo la Luapula nchini Zambia, akielekeza macho magharibi huona maji tu. Ng'ambo ya maji hayo ni Kongo, na mji mmojawapo wa ng'ambo huitwa Kilwa, jina ambalo kwa mtu wa pwani si geni. Wavuvi na wachuuzi wa samaki wamekuwa wakilivuka Ziwa Mweru tangu zamani. Upande wa mashariki Kibemba ndicho kiwaunganishacho watu, na Kiingereza ndicho lugha ya shule za juu. Upande wa magharibi sokoni husikika Kiswahili cha Katanga, na shule za juu ni za Kifaransa.

Je, mtoto wa upande huu na mwenziwe wa upande ule, watakapotimiza miaka 25, watakuwa wamesoma kiasi gani? Swali hili lilikwisha kujibiwa zamani, na majibu hayo yanafaa kukumbukwa kabla hatujaamini mapya.

Mwaka 1955 Mbelgiji A. A. J. van Bilsen alitoa mpango wa miaka 30 wa kuitayarisha Kongo kwa uhuru. Kwa hesabu yake, wasomi wa kuongoza nchi wangepatikana baada ya kizazi kizima. Wabelgiji wengi walimlaumu kwamba anaharakisha mno. Uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960, na Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30, katika nchi ya watu karibu milioni 15. Si kwamba shule hazikuwapo. Shule za msingi za wamisionari zilikuwa nyingi. Kilichokuwa kimebanwa ni mlango wa kuendelea juu.

Zambia haikuwa na la kujivunia zaidi. Ni kweli kwamba huko Mbereshi, kusini ya Nchelenge, Mabel Shaw alianzisha shule ya bweni ya wasichana mwaka 1915. Lakini nchi ilipopata uhuru mwaka 1964, waliokuwa na shahada walikuwa kiasi cha 100, na waliohitimu sekondari kiasi cha 1,200. Chuo Kikuu cha Zambia kilifunguliwa mwaka 1966 kwa wanafunzi 312, nao wananchi walikuwa wamekichangia kwa walichokuwa nacho, hata mahindi na kuku.

Mwezi Mei 1961, mkutano wa Addis Ababa ulikuwa umeweka shabaha kwamba ifikapo 1980 kila mtoto wa Afrika awe katika shule ya msingi. Mwaka huo ulifika, na shabaha haikufikiwa katika nchi hizi mbili. Zote mbili zilitegemea shaba, na bei yake iliporomoka katikati ya miaka ya 1970. Fedha za shule zikapungua huku watoto wakiongezeka. Nchini Kongo hali ilifika mahali ambapo, tangu miaka ya 1990, wazazi ndio waliobeba sehemu kubwa ya malipo ya walimu.

Siku hizi wataalamu wa idadi ya watu, miongoni mwao kundi la Wolfgang Lutz huko Austria, hukadiria elimu ya watu hadi mwaka 2100. Njia yao si ya uaguzi. Huwagawa watu kwa umri, jinsia na kiwango cha elimu, kisha hulifuata kila rika likizeeka. Maadamu aliyekwisha pita umri wa shule aghalabu hubaki na elimu aliyonayo, sehemu kubwa ya jibu la kesho imekwisha kuandikwa leo madarasani.

Tuijaribu hesabu hiyo wenyewe. Zambia ilifuta karo ya shule za msingi za serikali mwaka 2002. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka huo akiwa na miaka 7 alitimiza 25 mwaka 2020. Kongo ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo Septemba 2019. Aliyeingia huko akiwa na miaka 6 atatimiza 25 mwaka 2038. Mwanya kati ya nchi mbili, basi, hautokani na akili za watoto. Kwa sehemu ni mwanya wa miaka 17 kati ya amri mbili. Tena Zambia iliongeza sekondari bila karo mwaka 2022, na hilo litaonekana kwa vijana wa miaka ya 2030.

Tofauti nyingine ni ya kuhesabu kwenyewe. Zambia ilifanya sensa mwaka 1969, 1980, 1990, 2000, 2010 na 2022. Kongo ilifanya sensa kamili mwaka 1984, na kwa miongo mitatu na zaidi baada ya hapo haikuirudia. Mstari wa Zambia umejengwa juu ya watu waliohesabiwa. Ule wa Kongo hutegemea zaidi uchunguzi wa sampuli na makisio, hata ukichorwa kwa wino ule ule.

Kwa hiyo hapana budi sisi walimu tulitazame upya daftari la mahudhurio. Mtoto anayetoroka darasa la nne kwenda kuvua samaki, awe wa Nchelenge au wa Kilwa, amekwisha kuingia katika takwimu za mwaka 2040. Mpango wa miaka 30 hauwezi kumrudisha. Anayeweza ni yule atakayekiona kiti kitupu asubuhi ile ile, akaenda kuuliza nyumbani kwao.