Aliyekaa kwanza, aliyekaa juu

Vijana wenzetu, ukifungua seva ya Unix utakutana na folda inaitwa /usr. Wengi wanadhani mle mna mafaili ya watumiaji. Hapana, mna programu. Lakini zamani walikuwa sahihi!

Unix ilianza mwaka 1969 Marekani, kwa Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara ya Bell. Diski za wakati ule zilikuwa ndogo sana. Mfumo ulikaa kwenye diski ya kwanza, watumiaji kwenye ya pili, yaani /usr. Ya kwanza ilipojaa, programu zikahamia kwa watumiaji. Baadaye watumiaji wenyewe wakapelekwa kwingine, jina likabaki.

Amri ya mount imo tayari kwenye kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, cha Novemba 1971. Inachukua diski na kuipachika juu ya folda. Folda ikiwa na vitu, vinafunikwa tu, havifutiki. Ukiandika umount, vinaonekana tena.

Mtoto wa Rumonge anaelewa hiyo haraka. Mwishoni mwa Aprili 1972 vita na mauaji vilipoanza pwani ile ya Tanganyika, watu walikimbilia Tanzania na Kongo, wengine kwa mitumbwi. Mashamba yao ya michikichi yakapata wakaaji wengine. Waliorudi baada ya makubaliano ya Arusha ya 2000 wakakuta kilima kina jina lile lile, na juu ya shamba nyumba ya mtu. Hapo lakini mfano unakatika: mtu hatolewi kwa umount, naye amezaa na kuzika pale. Ndiyo maana tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa 2006, ilikuta kazi nzito, na ugomvi haukukosekana.

Karatasi za wazee wetu, zile za mashamba, sasa tunazitunza kwenye seva. Kwa hiyo folda usiyoijua usiifute hata kama diski imejaa. Andika findmnt uone nini kimepachikwa wapi. Soma /etc/fstab. Tumia ls -ld ujue mwenyewe ni nani na ilibadilishwa lini, halafu du -shx upime ukubwa bila kuvuka kwenda diski nyingine. /proc na /sys ziache kabisa, hazimo kwenye diski. Na kama df inasema diski imejaa huku du haioni kitu, huenda kuna mafaili ya zamani yamelala chini ya kilichopachikwa. Anzeni kutafuta hapo.