Uganda Isiyokuwako: Kamala na Kundi la Devastation, Inc. katika Kanda za Video

UTANGULIZI

Mieleka ya kulipwa ya Marekani haijapewa nafasi kubwa katika uhakiki wa fasihi. Aghalabu huhesabiwa kuwa burudani ya vijana, tena burudani ya udanganyifu, kwa kuwa mshindi huamuliwa kabla ya pambano kuanza. Hata hivyo, hoja hiyo ya mwisho ndiyo inayoifanya istahili kuhakikiwa. Roland Barthes, katika makala yanayofungua kitabu chake Mythologies (1957), alionyesha kwamba mieleka ya aina hii si mashindano bali ni tamthilia. Mtazamaji hatafuti kujua nani ana nguvu zaidi. Anataka kuuona uovu ukijidhihirisha mwilini mwa mhusika na kisha ukiadhibiwa mbele ya macho yake. Kwa mtazamo huo, mwanamieleka mwovu ni mhusika kama wahusika wengine wa jukwaani. Ana maleba yake, ana historia aliyotungiwa, na ana kazi maalumu katika msuko.

Makala haya yanamchunguza mhusika mmoja wa aina hiyo, Kamala, aliyetangazwa kuwa "Jitu la Uganda", pamoja na kundi la waovu alimotumika katika miaka ya 1980, yaani Devastation, Inc. Kundi hilo lilikwisha kutoweka ulingoni, lakini maonyesho yake yamehifadhiwa katika kanda na diski za video, na kila anayezitazama hulifufua upya. Kwa msomaji aliyeko Chepkoilel, suala hili si la mbali. Barabara kuu itokayo Nairobi hupitia Eldoret kuelekea mpaka wa Malaba, na hadi mwaka 1902 Uasin Gishu yenyewe ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Dai la makala haya ni kwamba uovu wa Kamala haukutokana na tendo lolote alilolitenda. Ulitokana na mahali alikodaiwa kuzaliwa, na mahali hapo palibuniwa kwa kuzifuta nchi mbili kwa pamoja: Uganda halisi na Mississippi halisi.

KUNDI NA MKUU WAKE

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mieleka ya Marekani ilikuwa imegawanywa kimaeneo, kila promota akimiliki jimbo lake na kipindi chake cha televisheni. Devastation, Inc. liliendesha shughuli zake hasa katika maeneo mawili: Mid-South, iliyokuwa chini ya Bill Watts, na World Class ya Dallas, iliyokuwa chini ya Fritz Von Erich. Mkuu wa kundi alikuwa meneja aliyejiita Skandor Akbar. Msuko wake ulikuwa mwepesi: tajiri kutoka Mashariki ya Kati anayakodi majitu ili yawaangamize mashujaa wa nyumbani. Dallas, mashujaa hao walikuwa wana wa Von Erich mwenyewe. Katika Mid-South, shujaa mkuu alikuwa Junkyard Dog, Mmarekani Mweusi aliyependwa mno New Orleans. Kwa hiyo itakuwa kosa kulisoma kundi hili kama mgogoro wa weusi na weupe tu. Mstari uliochorwa ulikuwa kati ya wa nyumbani na wa kuja.

Jina la meneja huyo halimtishi msikilizaji wa Kiswahili. Ni Iskandari Mkuu, jina la mfalme wa kale lililofungamanishwa na sifa ya Kiarabu. Lakini kwa watazamaji wa Texas, wakati ambapo bei ya mafuta na mateka wa Tehran wa 1979 hadi 1981 vilikuwa bado akilini, sauti ya jina hilo pekee ilitosha kuwa shtaka. Aliyelibeba alikuwa Jim Wehba, mzaliwa wa Texas mwenye asili ya Lebanoni. Miongoni mwa aliowaongoza alikuwamo Killer Khan, aliyeletwa kama Mmongolia ilhali alikuwa Mjapani, Masashi Ozawa. Kinaya kinakamilika anapotajwa promota wa Dallas: Fritz Von Erich naye alikuwa Jack Adkisson, Mtexas aliyejipatia sifa ujanani kwa kuigiza Mjerumani mwovu. Watunzi wa mchezo huu waliijua vyema kanuni waliyoitumia. Ugeni ulikuwa vazi, na vazi liliweza kuvaliwa na yeyote.

Ni vyema kulilinganisha kundi hili na lile lililopata sifa kubwa zaidi, Four Horsemen, lililoundwa katikati ya miaka ya 1980 na kuongozwa na Ric Flair. Wao pia walikuwa waovu. Lakini uovu wao ulikuwa wa tabia: kiburi cha mali, hila, na kumshambulia mmoja wakiwa wengi. Walivaa suti, nao walisema; hotuba zao zilikuwa nusu ya sanaa yao. Diski iliyotolewa na kampuni ya WWE mwaka 2007 kuwaenzi inawakumbuka kama mafundi. Mwovu wa aina hiyo ana hiari. Anaweza kutubu, na akitubu atakuwa shujaa. Mwovu wa Devastation, Inc. hakupewa hiari. Alizaliwa alivyo. Tena meneja wa Four Horsemen, J. J. Dillon, ndiye aliyekuwa meneja wa Kamala alipoanza Memphis mwaka 1982. Msemaji ni yule yule. Waliotofautiana ni wale aliowasemea.

KUZALIWA KWA KAMALA

James Harris alizaliwa mwaka 1950 Senatobia, jimbo la Mississippi. Baba yake alipigwa risasi akafa Harris angali mtoto mdogo, naye akalazimika kulima mashamba ya wengine kwa mgawo wa mavuno ili kuisaidia familia. Baadaye alikimbilia Florida, akachuma matunda na kuendesha malori. Aliingia katika mieleka mwaka 1978, na alipokwenda Uingereza alitumia jina la Mississippi Mauler. Yaani ugenini alitambulishwa kwa jimbo lake halisi, kwa kuwa huko Mississippi nayo ilikuwa ya kigeni kiasi cha kutosha.

Aliporejea nyumbani, Mississippi haikutosha tena. Mwaka 1982 mapromota wa Memphis, Jerry Lawler na Jerry Jarrett, walimtungia asili mpya. Lawler, ambaye pia ni mchoraji, alibuni rangi za usoni na za kifuani. Harris akapewa kinyago, mkuki na kitambaa cha kiunoni, akaambiwa asivae viatu. Filamu fupi ya kumtambulisha ilipigwa katika shamba la Jarrett, Tennessee, pakiwa na moshi wa barafu kavu ili paonekane kama msitu. Ilidaiwa kwamba alikuwa mlinzi wa zamani wa Idi Amin, tena mla watu. Jina lenyewe, lililoandikwa kwanza Kimala, lina mwangwi wa Kampala kwa msikilizaji asiyeijua Kampala.

Mtafiti wa fasihi hapati shida kuutambua ukoo wa mhusika huyu. Ni Afrika ya riwaya za Rider Haggard, ambazo wasomaji wa Kiswahili waliletewa kwa tafsiri kama Mashimo ya Mfalme Sulemani. Jipya ni kwamba safari hii hadithi ilitiwa jina la nchi huru yenye bendera, na la kiongozi ambaye alikuwa ameondolewa madarakani miaka 3 tu kabla.

BUBU NA IJUMAA

Jambo linalomgusa zaidi mwanafunzi wa lugha ni ububu wa Kamala. Hakuruhusiwa kusema hata neno moja. Aliguna, akapiga mayowe, akajipigapiga tumbo. Kwa kuwa hakuwa na lugha, hakuwa pia na sheria. Mara kwa mara alionyeshwa akishindwa kuelewa jinsi ya kumwangusha mpinzani na kupata ushindi. Alimlalia mpinzani kifudifudi, na msimamizi wake ikambidi amwelekeze amgeuze chali. Msimamizi huyo, katika siku za Akbar, aliitwa Friday, yaani Ijumaa.

Jina hilo halikuokotwa njiani. Ni la mtumishi wa Robinson Crusoe katika riwaya ya Daniel Defoe ya mwaka 1719. Katika Defoe, Ijumaa ndiye anayeokolewa kutoka kwa wala watu, akapewa jina na kufundishwa lugha ya bwana wake. Ulingoni, Ijumaa amepandishwa cheo: sasa yeye ndiye mwenye kumwongoza mla watu. Ngazi imeongezwa daraja moja chini ili Kamala awekwe hapo. Baadaye, katika kampuni ya WWF, nafasi hiyo ilichukuliwa na Kim Chee, aliyejifunika uso na kuvaa kofia na mavazi ya mwindaji wa kikoloni. Mkoloni aliyefichwa uso ni taswira ambayo pengine watunzi hawakuikusudia, lakini inasema mengi.

Linganisha na mwovu wa jadi ya Kiswahili. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa anauawa na mwanawe mwenyewe kwa hila ya mfalme wa Pate. Mwana huyo ana ulimi, ana tamaa, ana hofu. Msomaji humwona akisita kabla ya kutenda. Uovu unatoka ndani ya nyumba, na ndiyo maana unauma. Kikulacho ki nguoni mwako. Devastation, Inc. liliupindua msemo huo: likulalo, liliwaambia watazamaji, limo katika ndege itokayo Kampala.

UGANDA YENYEWE

Kinyago hiki kilifunika nini? Utawala wa Amin ulidumu tangu Januari 1971 hadi Aprili 1979, na makadirio mengi ya waliouawa hufikia watu laki 3. Eneo la Eldoret lenyewe liliguswa, kwani mwaka 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya kuwa ni mali ya Uganda kihistoria. Wala utawala huo haukuwa bubu. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi, na mwaka 1973 Amin alitoa amri kwamba kiwe lugha ya taifa. Kwa raia wengi wa Uganda Kiswahili kikabaki kwa miaka mingi na harufu ya bunduki, doa ambalo walimu wa lugha hii hawana budi kulikumbuka. Jitu la kweli, basi, lilisema sana: lilitoa amri, lilihutubia, lilifanya mzaha mbele ya kamera.

Vivyo hivyo, Uganda ilikuwa na waigizaji wake. Byron Kawadwa, mkurugenzi katika Jumba la Taifa la Maonyesho la Kampala, aliipeleka tamthilia yake Oluyimba lwa Wankoko katika tamasha la FESTAC jijini Lagos mwanzoni mwa 1977. Muda si mrefu baada ya kurejea nyumbani, alikamatwa na kuuawa. Miaka 5 baadaye, Tennessee, Uganda iliigizwa kwa moshi wa barafu kavu ili kuuza tikiti. Matukio haya mawili hayana uhusiano wa kisababu, lakini yakiwekwa pamoja yanafichua ukubwa wa ufutaji uliofanyika. Msanii wa Uganda alipoteza maisha kwa sababu ya maneno ya jukwaani. Mhusika wa "Uganda" alipata umaarufu kwa kunyimwa maneno.

KANDA NA MTAZAMAJI

Kampuni ya Coliseum Video ilianza kuuza kanda za WWF mwaka 1985, na mieleka ya Marekani ikaenea duniani pamoja na mashine za VHS, sebuleni na katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki. Kanda za 1992 zinamwonyesha Kamala akipambana na Undertaker katika uwanja wa Wembley mwezi Agosti, na kisha akifungiwa ndani ya jeneza mwezi Novemba. Mwaka 1993 msuko ukageuka. Mchungaji wa kuigiza, Slick, alimchukua Kamala na kumfundisha kwamba yeye ni binadamu. Mojawapo ya masomo ilikuwa mchezo wa kuviringisha mpira wa kuangusha vijiti. Ofisi ya misheni ilikuwa imefunguliwa ulingoni. Toba ya Flair ingekuwa kuacha kiburi. Toba ya Kamala ilikuwa kuanza kuwa mtu.

Lakini kanda si neno la mwisho. Katika vibanda vya Kampala wasimulizi huzungumza juu ya picha kwa Kiganda, na Dar es Salaam Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijulikana kwa kuzisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili, akieleza, akikosoa na kutania. Utamaduni huo ni uhakiki wa fasihi simulizi. Unathibitisha kwamba picha iliyotungwa mbali inaweza kujibiwa na sauti ya hapa, na mtazamaji halazimiki kushangilia dhidi yake mwenyewe.

HITIMISHO

Harris mwenyewe hatimaye alisema. Katika wasifu wake, Kamala Speaks, alilalamikia malipo aliyoyaona kuwa duni mno yakilinganishwa na ya wenzake. Kisukari kilisababisha akatwe mguu mmoja mwaka 2011 na wa pili mwaka 2012, naye akafariki Agosti 2020. Anwani ya kitabu hicho ndiyo uhakiki mfupi kuliko wote wa kazi yake: Kamala anasema. Na aliposema, hakusema habari za Uganda, kwa kuwa hakuwa nazo. Alisimulia Mississippi, mashamba na ujira.

Kuitazama Devastation, Inc. leo, kwa hiyo, si suala la kucheka ujinga wa zamani wala la kumlaumu mtu maskini aliyekubali kazi aliyopewa. Ni suala la kusoma. Mhusika asiye na ulimi humwachia msomaji kazi ya kuuliza nani ameushika ulimi huo, na kwa faida ya nani. Wahakiki wa Kiswahili, ambao lugha yao iliwahi kuwa ya kambi na ya kibanda kwa pamoja, wana kila sababu ya kuuliza.