Manamba: Neno na Mkataba

Nalasi imo katika nchi ya Ruvuma, ambayo wakati wa ukoloni ilitoa vibarua wengi kwa mashamba ya mkonge ya Tanga. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893. Tangu 1944 uandikishaji ulisimamiwa na SILABU, chombo cha wenye mashamba. Mashamba hayo yalikuwa na hesabu yake ya kazi. Mwezi wa kipande ulikuwa siku 30 zilizofanyiwa kazi, si za mwandamo. Aliyekwenda mazikoni, siku yake haikuhesabiwa. Kila mtu alipewa namba, na Kiswahili kikawaita manamba, neno chungu kuliko kibarua, ambalo asili yake ni cheti tu. Lakini kambini mfu alizikwa na watani wake, na utani haukuandikwa katika mkataba wowote.