Lou Reed, kelele zake na hukumu ya 1975

Julai 1975 kampuni ya RCA ilitoa Metal Machine Music, santuri mbili za Lou Reed ambazo hazina wimbo, hazina ngoma wala sauti ya mwimbaji. Reed aliegemeza magitaa kwenye amplifaya mpaka nyuzi zikaanza kulia zenyewe, akairekodi milio hiyo na kuirundika, mingine kwa kasi tofauti ya tepu, ikazidi saa nzima. Kila upande umeandikwa dakika 16 na sekunde moja, isipokuwa wa nne: huko mfuo wa mwisho umefungwa duara, sindano haitoki mpaka msikilizaji anyanyuke kuiondoa. Wanunuzi walizirudisha madukani, wahakiki wengi wakaziponda, na baada ya wiki chache RCA ikaziondoa sokoni.

Siku hizi imekuwa desturi kuwacheka wahakiki hao, kana kwamba walikuwa viziwi mbele ya kazi iliyotangulia wakati wake. Wanaonewa. Mwaka mmoja kabla, Sally Can't Dance ya Reed huyohuyo ilikuwa imeingia kumi bora Marekani, na jalada la kazi mpya lilimwonyesha jukwaani kwa miwani nyeusi na koti la ngozi, nyota wa roki kamili. Kweli, jalada lilitaja kwamba huu ni utunzi wa kielektroniki. Lakini nani husoma maandishi akishaona picha kama ile? Kazi iliuzwa kwa jina la roki, ikapimwa kwa mizani ya roki. Hata Lester Bangs wa jarida la Creem, mtetezi wake mkubwa, aliisifu kwa mzaha mwingi kiasi kwamba mpaka leo ni vigumu kujua alimaanisha kiasi gani.

Wapo wanaoshikilia kwamba Reed alikuwa akiikomoa kampuni ili avunje mkataba. Hoja hiyo inayumba, kwa sababu albamu iliyofuata, Coney Island Baby, aliitoa RCA hapohapo. Tena, katika bendi yake ya zamani, The Velvet Underground, alikuwa amepiga na John Cale, aliyetoka kwenye kundi la La Monte Young, bingwa wa sauti moja inayovutwa kwa muda mrefu. Mbegu ilikuwepo. Kisha mwaka 2002 kundi la Zeitkratzer liliipiga Metal Machine Music mjini Berlin kwa fidla, piano na ala za kupuliza, baada ya Ulrich Krieger kuinukuu kwa noti. Reed mwenyewe alipanda jukwaani. Hilo halithibitishi nia yake ya 1975, lakini linaonyesha kwamba ndani ya zogo lile mna mpangilio unaoweza kuandikwa.

Je, basi kelele yoyote ikiwekwa kwenye rafu sahihi dukani inakuwa sanaa? Hapana. Rafu humpa mhakiki kipimo tu, haimpi jibu. Mwaka 2020 Duma, wawili kutoka Nairobi, walitoa albamu ya kelele nzito kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo iliyokwisha kujulikana kwa muziki usio wa kawaida, na sifa zikaja mara moja. Aliyeifungua alijua anafungua nini. Wateja wa Reed hawakupewa nafasi hiyo. Kazi ile ina thamani, ingawa kwangu nusu yake ingetosha, na waliorudisha santuri zao dukani walikuwa na haki kabisa.