Kosa la Kuonekana Mjini

Pale Muthurwa, neno moja linatosha: "Kanjo!" Mtumba uliokuwa umetandazwa chini unakunjwa pamoja na turubai lake, unarushwa begani, na kufumba na kufumbua mwenyewe hayupo. Baraza la jiji, lile lililotupa hilo neno, lilikufa 2013 kaunti zilipoingia. Mtaani jina halikubadilika. Mtaa si mjinga; uliona bango la ofisi limebadilishwa na kazi imebaki ile ile.

Kazi hiyo ni ya zamani. Wakoloni walitaka Mwafrika awepo Nairobi kwa sababu moja tu, kibarua. Asiye na mwajiri aliitwa mzururaji, na kuzurura kulikuwa kosa. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kuuma hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume alitembea na alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake, vyote ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri asipotia saini kwamba amekuachilia, huwezi kuandikwa kwingine, na ukitoroka unasakwa kama mhalifu. Angalia vizuri hapo. Hujaiba, hujampiga mtu. Kosa lako ni kuwa mahali bila ruhusa.

Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga mambo hayo, kipande na kodi. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi. Wanaume walipoanza kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru akawakemea, watu wakasonga mbele, risasi zikafyatuliwa, na yeye akawa miongoni mwa waliouawa. Tunamkumbuka kama shujaa wa uhuru, na ni haki yake. Ila tunasahau kwamba watu walikuwa pia wakidai jambo la kawaida kabisa: kutembea.

Ungedhani uhuru ulimaliza hiyo stori. Charles Rubia alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi mwaka 1962, mwaka uliofuata bendera ikapandishwa, na sheria ya uzururaji ikaendelea kukaa vitabuni hadi 1997. Miaka 34! Waliorithi ofisi walirithi pia hofu ya wenye ofisi: kwamba mtu maskini akionekana katikati ya mji, lazima ana nia mbaya.

Kuna kipindi ambacho wengi wetu hatukufunzwa shuleni. Mwaka 1983 serikali ya Moi ilivunja baraza la jiji na kuweka tume ya kuteuliwa. Hadi uchaguzi wa 1992, karibu miaka kumi, mkaazi wa Nairobi hakuwa na diwani hata wa kumtukana. Ni chini ya tume hiyo ambapo kijiji cha Muoroto, karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, kilibomolewa Mei 1990, na ghasia zilizofuata zikashtua nchi nzima. Nani angewajibika? Hakuna aliyekuwa amepigiwa kura.

Hata sheria ya uzururaji ilipofutwa, kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa bado kipo, kinaadhibu "wazembe na wakorofi". Halafu 2007 jiji likaweka sheria ndogo za kero, zinazogusa mpaka kutema mate na kupenga kamasi bila leso. Unacheka, lakini kosa la kamasi nalo lina seli yake.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyogeuza mambo, na kwa njia ambayo watu wengi hawajaitazama. Polisi, korti za hakimu na magereza vilibaki kwa serikali ya kitaifa. Masoko, leseni za biashara na kero za umma vikaenda kaunti. Maana yake MCA wako hawezi kuajiri hakimu wala kufungua gereza, lakini anaweza kutengeneza kosa litakalokupeleka kwa wote wawili. Anaweza pia kulifuta.

Ukaguzi wa mfumo wa haki jinai uliotolewa 2017 ulionyesha wanaojaza mfumo huo ni maskini, wengi kwa makosa madogo, kama kufanya biashara bila leseni. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, ikatoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha ama kuzifuta. Mashirika kama ICJ Kenya yamelipigia kelele jambo hilo. Lakini kelele nyingi huelekezwa Bungeni, huku sheria inayomkimbiza mama wa nyanya ikiwa imelala kwenye kabati la kaunti.

Na kila kampeni ni hadithi moja. Mchuuzi anakumbatiwa, anapigwa picha, anaitwa hustler. Kura zikishahesabiwa, anarudi kuitwa msongamano.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti, likiwemo la kufuta sheria. Nairobi ina wadi 85. Agosti 2027 utapewa karatasi sita, na ile ya MCA ndiyo wengi huijaza wakiwa tayari wameangalia mlangoni, wakiwaza matatu ya kurudi nyumbani.