Muundo wa usimamizi wa TAZARA

Muundo wa usimamizi wa TAZARA ni utaratibu wa kisheria ambao nchi za Tanzania na Zambia hutumia kumiliki na kuongoza kwa pamoja reli inayounganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860, na inavuka mpaka wa nchi hizo mbili katika mji wa Tunduma, mkoa wa Songwe. Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia (kifupi: TAZARA) inamilikiwa nusu kwa nusu na serikali hizo mbili.

Muundo huu hutajwa mara nyingi panapojadiliwa nani asimamie usafiri wa treni unaovuka mipaka ya utawala, iwe ni mipaka ya nchi, ya mikoa au ya majiji. Historia yake inaonyesha kwamba maswali mawili hutangulia mengine yote: nani ana haki ya kukataa uamuzi, na nani analipa hasara.

Asili

Mnamo Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini (leo Zimbabwe) ilijitangazia uhuru. Zambia, isiyo na bahari, ilikuwa ikisafirisha shaba yake kwa reli zilizopita katika nchi zilizotawaliwa na walowezi au Wareno. Marais Julius Nyerere na Kenneth Kaunda walitafuta njia nyingine ya kufika baharini. Mwaka 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi mapatano ya kujenga reli kwa mkopo wa China usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli ilikabidhiwa rasmi Julai 1976.

Kwa kuwa reli ilijengwa ili Zambia isitegemee tena hiari ya jirani, haikutosha kila nchi kumiliki kipande chake. Kama ingekuwa hivyo, Tanzania ingeweza kubadili nauli au kusimamisha treni upande wake bila kuiuliza Zambia. Badala yake iliundwa mamlaka moja kwa reli nzima. Kila nchi ilitunga sheria yake ya TAZARA mwaka 1975. Sheria hizo zilifuatwa na nyingine mpya mwaka 1995.

Ngazi za uongozi

Muundo una ngazi tatu kuu:

- Baraza la Mawaziri, lenye mawaziri kutoka nchi zote mbili. Ndilo chombo cha juu kabisa na huamua mambo ya sera.
- Bodi ya Wakurugenzi, yenye wajumbe wa pande zote mbili. Husimamia mipango na utendaji wa mamlaka.
- Menejimenti, inayoongozwa na Mkurugenzi Mtendaji. Kwa utaratibu uliozoeleka Mkurugenzi Mtendaji hutoka Zambia na naibu wake hutoka Tanzania.

Usawa huo unaonekana pia katika mgawanyo wa ofisi. Makao makuu yako Dar es Salaam. Shughuli za kila siku zimegawanywa katika mikoa miwili ya kiutendaji, mmoja ukiongozwa kutoka Dar es Salaam na mwingine kutoka Mpika, Zambia. Kila upande una karakana yake. Mikoa hiyo miwili hukutana Tunduma na Nakonde.

Nguvu na udhaifu

Nguvu ya muundo huu ni kudumu kwake. Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililokuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania, lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. TAZARA ilibaki, ingawa sababu ya kisiasa iliyoizaa ilipungua baada ya Zimbabwe kupata uhuru mwaka 1980 na baada ya utawala wa kibaguzi kuanguka Afrika Kusini mwaka 1994.

Udhaifu wake uko katika fedha. Mwenye nusu hawezi kumlazimisha mwenye nusu nyingine. Nchi moja ikitoa mtaji na nyingine ikachelewa, ukarabati husubiri. Tena kila serikali ina sababu ya kusita kutoa fedha zitakazotengeneza njia iliyoko nchi ya pili. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni mbili za mizigo kwa mwaka ilibeba chini ya tani 100,000 katika mwaka wa fedha 2014/15. Katika miaka hiyo wafanyakazi waligoma mara kadhaa wakidai mishahara.

Treni za abiria jijini Dar es Salaam

Oktoba 2012 treni za abiria wa mjini zilianza Dar es Salaam. Wananchi waliziita "treni ya Mwakyembe" kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Huduma iligawanywa kwa waendeshaji wawili kwa sababu jiji lina reli mbili. Kampuni ya Reli Tanzania (TRL) iliendesha treni kati ya katikati ya jiji na Ubungo, na TAZARA iliendesha treni kati ya stesheni yake na Mwakanga.

Mfano huu unaonyesha ugumu wa kuichagulia huduma ya jiji muundo uliotungwa kwa kazi nyingine. Abiria wote walikuwa wa jiji moja, lakini treni za Mwakanga ziliendeshwa na mamlaka ambayo nusu yake ni mali ya Zambia. Nauli ya mjini ikiwekwa chini ili mwananchi wa kawaida aimudu, pengo lazima lizibwe na mtu. Pasipo ruzuku ya wazi kutoka serikali inayonufaika, sehemu ya pengo hilo humwangukia mwenye hisa asiye na abiria hata mmoja katika treni hiyo.

Miundo mingine Afrika Mashariki

Shirika la umma la nchi moja: Shirika la Reli Tanzania (TRC) liliundwa upya kwa sheria ya mwaka 2017, iliyounganisha TRL iliyoendesha treni na RAHCO iliyomiliki njia. Uamuzi ni wa haraka zaidi, lakini hasara yote ni ya serikali.

Ukodishaji: kampuni binafsi huendesha reli kwa mkataba wa miaka mingi. RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya TRL mwaka 2007, na Rift Valley Railways ilikodishwa reli za Kenya na Uganda mwaka 2006. Mikataba yote miwili ilikusudiwa kudumu miaka 25, na yote ilivunjika mapema.

Wakala wa mipango: chombo cha umma hupanga njia na huduma, na mwendeshaji mwingine huendesha vyombo. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam yalianza mwaka 2016 kwa mfumo huu chini ya wakala wa DART.

Mkataba wa mwaka 2025

Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China ya CCECC, wenye thamani ya dola za Marekani bilioni 1.4. Kampuni hiyo inakarabati reli na kuiendesha, na serikali mbili zinabaki wamiliki. Hivyo swali la mtaji limehamishiwa kwa mwendeshaji. Swali la huduma zisizo na faida hutegemea masharti ya mkataba, kwa kuwa mwendeshaji hurudisha fedha zake hasa kwa mizigo.

Umuhimu kwa mkoa wa Songwe

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Reli na barabara kuu ya Tanzania–Zambia zote hupita humo, lakini watu wengi husafiri kwa barabara, ambayo hujaa malori yanayoelekea mpakani. Mkazi wa Chapwa anayekwenda Vwawa au Mbeya anaishi karibu na reli ambayo wilaya na mkoa wake hauna kiti katika bodi yake. Treni ya kila siku kati ya Tunduma na Mbeya ingehitaji mambo matatu yaandikwe kabla ya kuanza: nani anaamua ratiba, treni ya abiria inapishana vipi na za mizigo, na ni mfuko upi wa umma utakaolipa pale nauli isipotosha.