Kwarezima na Magomvi Yetu

Ndugu mapadri, nanyi makatekista na waseminari, tukiwauliza wakristu wetu Kwarezima ni nini, wengi watajibu: ni wakati wa kuacha nyama. Hapa Kisangani jibu hilo linachekesha kidogo, maana sisi ni watu wa mto. Siku ya Ijumaa mtu anaacha nyama ambayo hakuwa na franka za kuinunua, anakula samaki wa Wagenia na sombe, anashiba vizuri. Hatusemi kwamba kufunga ni bure. Wakristu walifunga mbele ya Pasaka tangu zamani sana. Lakini mtaguso mkuu ulipotaja siku arobaini kwa mara ya kwanza, ulizitaja kwa ajili ya shauri jingine.

Ulikuwa mtaguso wa Nisea, mwaka 325. Sote twaujua kwa sababu ya Ario na ya Nasadiki. Kanuni zake 20 twazisoma haraka seminarini, kisha twazisahau. Basi, kanuni ya 5 inanena habari za watu waliotengwa na askofu wao. Wazee wale walijua kwamba askofu naye ni mtu: pengine amemtenga mkristu kwa moyo mdogo tu, au kwa ugomvi wao wawili. Wakaamuru maaskofu wa kila jimbo wakutane mara mbili kwa mwaka wapime mashauri hayo, na mkutano wa kwanza uwe kabla ya zile siku arobaini, ili uchungu wote uondolewe na Mungu atolewe sadaka safi. Wako wataalamu wachache wanaosema arobaini ile ni ya baada ya Pasaka. Walio wengi wanaiona kuwa Kwarezima, nasi tunafuatana nao.

Tuangalie vema: kanuni ile haikuanza na magomvi ya waamini. Ilianza na hasira ya mchungaji.

Huko Roma desturi ilikuwa ya namna hiyo. Papa Inosenti wa Kwanza aliandika mwaka 416 kwamba wenye kufanya kitubio walipatanishwa na Eklezia siku ya Alhamisi kabla ya Pasaka. Kanisa zima lilikuwa linawangojea. Kitubio cha mbele ya watu kilipokoma, polepole kila mtu akabaki na Kwarezima yake mwenyewe, mafungo yake, hesabu yake. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikumbusha kwamba kitubio cha Kwarezima kisiwe cha ndani na cha mtu mmoja tu, bali cha nje pia na cha jamii.

Tangu Padri Gabriel Grison alipofika kwenye Maporomoko mwaka 1897 na kuanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli, mji huu umeona Kwarezima nyingi. Ile ya 2023 hatuwezi kuisahau. Mwezi wa Februari, Wambole na Walengola walianza kuuana kwa sababu ya mashamba, ng’ambo ya mto upande wa Lubunga. Nyumba zilichomwa, maelfu wakakimbia, wengi wakavuka mto. Tarehe 22 mwezi uleule ilikuwa Jumatano ya Majivu. Kati ya waliokimbia na waliowafukuza walikuwamo wabatizwa. Tungewaambia nini? Waache nyama?

Shauri la mashamba lina waamuzi wake, nasi hatuna uwezo wa kulikata. Lakini kanuni ya 5 inatuhusu sisi wenyewe kwanza. Katika parokia zetu kuna vitabu vya wakatekumeni, na ndani yake majina yaliyofutwa. Mengine yalifutwa kwa haki. Mengine je? Yule aliyebishana na katekista juu ya kazi ya shamba la misioni, yule ambaye ukoo wake haukupendwa kwenye chapeli? Juma moja kabla ya majivu, padri na makatekista wake wanaweza kukaa na kitabu hicho mezani, wasome jina kwa jina, na kwa kila moja waulize ni nani aliyelifuta, na kwa nini.